Kovu la Zuko halikufutwa

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 23, naishi Tandika na mama yangu, dada yangu na mtoto wake wa miaka 6. Nafanya kazi dukani kwa mjomba, Kariakoo. Tunauza vipuri vya pikipiki, ila mimi nakaa zaidi stoo. Nilipokuwa na miaka 5 jiko la mchina liliripuka mama akiwa anaongeza mafuta, nikaungua shavu la kushoto, sikio na shingo. Mama hajawahi kuizungumzia siku ile. Shuleni niliitwa majina mengi, siyarudii. Tangu kidato cha pili sitoki bila kapelo na hudi, hata kwenye joto la Januari. Mwaka huu rafiki alinipa flashi yenye katuni ya Avatar, yule mtoto mwenye mshale kichwani. Nimeimaliza mara mbili. Yule Zuko mwenye kovu jichoni alinifanya nilie. Nilipoimaliza mara ya kwanza nilikwenda kazini bila kapelo, nikakaa hivyo siku 11. Siku ya 12 mteja alimuuliza mjomba mbele yangu, "Huyu naye kafanyaje?" Nikairudisha kapelo, na mpaka leo sijaivua. Dada anacheka, anasema mtu mzima nalilia katuni. Mama, katuni inaweza kweli kumfanya mtu ajikubali, au zile siku 11 nilikuwa najidanganya? Na je, nimwonyeshe mpwa wangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu limekwama kwenye zile siku 11. Wewe umezihesabu kama deni uliloshindwa kulipa. Mimi naziona kwa namna nyingine, na karibu kila nitakachokuandikia kitazunguka hapo hapo.

Kwanza tumalizane na dada yako, kwa wema. Mjini kwetu ukisema katuni, watu wanawaza watoto waliokaa sakafuni Jumamosi asubuhi. Lakini neno hilo hilo tulilitumia kwa Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye kwa Kingo wa James Gayo, na waliozikimbilia kurasa hizo kabla ya kusoma habari za mbele walikuwa baba zetu. Mchoro unaweza kumfikishia mtu mzima jambo ambalo likisemwa na mdomo wa jirani angelikasirikia. Bibi zetu walitumia sungura na fisi, mama zetu wakatumia maandishi ya kanga: neno linapita pembeni, anayehusika analipata bila kutajwa jina. Ningekutana nawe nikakuambia "jikubali", ungeniitikia "sawa mama" kwa adabu, ukaondoka na hudi yako. Zuko hakukuambia kitu. Ulikaa ukamtazama, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakutazama wewe, ukaacha kujilinda.

Hadithi kugeuza maisha ya watu ni jambo lililopimwa hapa hapa nchini. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Muulize mama yako habari za Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake kila kituo; nadhani atamkumbuka kama mtu wa mtaani kwake. Kwa miaka ya mwanzo mchezo ule haukusikika kupitia kituo cha Dodoma, kwa hiyo watafiti, akiwemo Everett Rogers, waliweza kulinganisha sehemu ulikosikika na kule ambako haukusikika. Kulikosikika, watu walioanza kutumia uzazi wa mpango waliongezeka zaidi. Ulikuwa mchezo wa redio tu, sauti za waigizaji studio, na bado watu walikwenda zahanati.

Mchezo ule ulisukwa kwa mtindo ulioanzia Mexico kwa mtayarishaji wa tamthilia za televisheni Miguel Sabido, aliyejengea kazi yake juu ya mafundisho ya mwanasaikolojia Albert Bandura kwamba binadamu hujifunza kwa kuwatazama wenzake. Katika mtindo huo wahusika ni wa aina tatu: wema, waovu, na walio njia panda, wanaosogea mbele hatua mbili na kurudi moja. Hawa wa njia panda ndio wanaobeba mzigo wote. Mwema tunamsifia na mwovu tunamlaani, lakini wa njia panda tunatembea naye, maana anachelewa pale pale tunapochelewa sisi.

Zuko ni mtu wa njia panda kuliko wote niliowahi kuwaona kwenye kioo, na namjua vizuri kwa sababu mwanangu wa mwisho alinikalisha chini likizo nzima nimwangalie. Nilikaa nikidhani namfurahisha mtoto. Kufikia msimu wa pili mimi ndiye niliyekuwa nauliza umeme umerudi.

Wewe umeimaliza mara mbili, kwa hiyo huna haja ya kusimuliwa, ila nataka uipange upya kichwani. Katuni hii ya Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko ilirushwa kuanzia 2005 hadi 2008, sehemu 61. Zuko ana miaka 13 anapopinga, ndani ya baraza la vita, mpango wa kuwatoa kafara askari wapya. Baba yake, mfalme wa Taifa la Moto, anamuunguza uso mbele ya watu na kumfukuza nchini, asirudi mpaka amkamate Avatar, yule mtoto mwenye mshale kichwani. Anazunguka dunia na kovu hilo akiamini kwamba akirudishiwa heshima yake, kovu nalo litaacha kuuma. Anapoteza meli. Anakata nywele zake za kifalme. Anafika mji wa Ba Sing Se kama mkimbizi na kuhudumia wateja kwenye mgahawa wa chai, kijana wa ikulu aliyevaa aproni. Na hapo, taratibu, anaanza kuwa mtu. Anamfungulia yule nyati anayeruka wa Avatar badala ya kumtumia kama chambo, kisha anaugua homa kali, kama vile mwili umegoma kubeba watu wawili kwa pamoja.

Akipona anatabasamu na kumsaidia baba yake mkubwa dukani. Mtazamaji anashusha pumzi, akidhani kazi imekwisha. Halafu dada yake anamfuata, anamtajia heshima na mapenzi ya baba, na Zuko anageuka. Anamsaliti mzee aliyemlea na kurudi kule kule alikotoka.

Uliyaona hayo mara mbili, mwanangu. Nikuulize: alipogeuka, ulisema kwamba zile siku zake za kupika chai zilikuwa uongo? Nina hakika hukusema. Ulikasirika, labda ulipiga goti kwa ngumi kama mwanangu, lakini uliendelea kumngoja. Ulijua kwamba yule kijana wa mgahawani alikuwepo kweli na kwamba atarudi. Ukamngoja tena sehemu kadhaa za msimu wa tatu, alipokuwa nyumbani na kila alichokitaka mkononi, anasifiwa na baba, na bado amejaa hasira asizojua za nani.

Hapo ndipo ninapoona nguvu ya msururu mrefu wa katuni, na ndiyo maana filamu ya saa moja na nusu isingekufanyia hivyo. Sehemu 61 za dakika 23 ni zaidi ya saa 23 ulizokaa na mtu mmoja asiyenyooka. Huwezi kukaa na mtu muda huo wote bila kujifunza kumvumilia. Ulijifunza uvumilivu bila kujua unajifunza. Kilichobaki ni kuupeleka nyumbani: Zuko alirudi nyuma ukamngoja, wewe umerudi nyuma siku ya 12 ukajiita mwongo. Mwanasaikolojia Kristin Neff, ambaye amekuwa akiandika juu ya kujihurumia tangu 2003, anawapa watu zoezi jepesi sana: mambo unayojiambia ukianguka, ungemwambia rafiki yako aliyeanguka vile vile? Kwako nabadilisha kidogo. Ungemwambia Zuko?

Nataka uchukue daftari, leo usiku, umwandikie Zuko barua ya nusu ukurasa kuhusu ile siku aliyogeuka Ba Sing Se. Mwandikie kama mdogo wako. Ukimaliza, futa jina lake juu, uandike lako, uisome kwa sauti stoo kukiwa hakuna mtu. Nimewapa zoezi hili watu wengi kwa hadithi mbalimbali, na wengi hukwama pale pa kubadilisha jina. Kalamu inakuwa nzito. Ukikwama hapo, usiilazimishe. Lala, uendelee kesho.

Kuna jambo la pili katika hadithi hiyo ambalo sijui kama ulilitazama kwa makini, kwa sababu linapita haraka. Kwenye pango la mawe ya kung'aa, Katara, msichana wa kundi la Avatar, ana maji matakatifu ya Ncha ya Kaskazini, na anamwambia Zuko huenda yakaweza kumponya kovu. Anamgusa usoni. Zuko amefumba macho. Muda mfupi kabla, kijana huyo alikuwa amemweleza kwamba alilidhani kovu lile ni alama ya kumfuata Avatar milele, lakini siku hizi ameanza kuona yuko huru kuchagua njia yake hata kama kovu halitamtoka. Halafu wanaingiliwa, na yale maji yanakuja kutumika kuokoa maisha ya mtu mwingine. Kovu halifutwi. Sehemu ya mwisho kabisa anavishwa taji mbele ya umati wa mataifa yote, kovu lake likiwa pale pale jichoni.

Watunzi wangeweza kuliondoa, kalamu ilikuwa yao. Waliliacha. Wewe ulilia, na nadhani sehemu ya machozi ni hiyo: kwa mara ya kwanza umeona hadithi ambamo mwenye kovu si jambazi, wala hapewi sura mpya mwishoni kama zawadi ya kuwa mwema. Hesabu filamu ulizoangalia tangu utoto, uone ni ngapi zilimpa mwovu kovu usoni ili tumtambue. Mtoto aliyeungua anakua akijifunza kutoka kwenye hizo kwamba uso wake ni wa adui. Hilo linaniuma sana, na nafurahi kwamba flashi ya rafiki yako imelipinga.

Niseme pia kuhusu yule mzee aliyemlea Zuko, Iroh. Wanaomwita kwa Kiswahili wengi wanasema "mjomba", lakini ni kaka mkubwa wa baba yake Zuko. Kwa hesabu zetu huyo ni baba mkubwa, na uzito wake ni mwingine kabisa. Baba mkubwa ni baba. Alimpoteza mwanawe vitani, na anapomchukua Zuko anafanya ambacho mila zetu zingemtaka afanye: baba akishindwa, kaka yake anasimama. Na Zuko anapomrudia, amepiga magoti hemani, maneno ya kuomba radhi hayajaisha mdomoni, mzee anamvuta na kumkumbatia. Mimi nililia hapo, na mwanangu hakunicheka.

Sasa nikutahadharishe. Hadithi ya mtu mwingine hainyooki mwilini mwako kama nguo uliyopimwa kwa fundi. Zuko aliunguzwa kwa makusudi na mtu aliyetaka kumdhalilisha. Wewe uliungua kwa sababu ya mafuta ya taa, jiko bovu na chumba kidogo, kama walivyoungua watoto wengi wa mji huu. Ikulu ile siyo nyumba yenu, na mama yako siyo yule mfalme. Nalisema hili kwa sababu umeweka sentensi moja katikati ya barua, kwamba mama hajawahi kuizungumzia siku ile, kisha ukaikimbia. Miaka 18 ya ukimya wa mama aliyekuwa ameshika dumu la mafuta, mara nyingi ninavyoona kwenye kazi yangu, ni kovu lisiloonekana. Huenda anangoja umlaumu. Huenda wewe unangoja aseme samahani. Sikutumi ukamhoji. Ila ukiwa tayari, si wiki hii, kaa naye anapochambua mchele, umwambie tu kwamba unakumbuka alivyokubeba kwenda hospitali, kama unakumbuka. Muachie yeye amalizie.

Tuje kwenye kapelo. Kosa la zile siku 11 ni kwamba ulianza na siku nzima, Kariakoo, mahali ambapo watu elfu wanapita na kila mmoja ana mdomo. Ulipanda mnazi kwa kuruka. Safari hii anza chini. Wiki ya kwanza ivue stoo tu, ukiwa na mjomba na vijana wa dukani waliokuzoea. Ikishakuwa jambo la kawaida, toka nayo mkononi nusu saa asubuhi, wateja wakiwa mafundi wale wale wa kila siku. Daladala ya jioni ije mwisho, maana pale umebanwa na huwezi kuondoka. Usipande ngazi inayofuata mpaka ile uliyosimama juu yake iwe inakuchosha kwa uzoefu. Na kila siku andika mstari mmoja: watu walifanya nini hasa? Usiandike ulichodhani wanawaza, andika walichofanya. Utashangaa kurasa ngapi zitasomeka "aliuliza bei ya cheni akaondoka".

Kisha kuna yule mteja, na wenzake watakuja, hilo siwezi kukuficha. Kilichokuangusha siku ya 12 ni kwamba swali lilikukuta huna jibu, ukageuka kitu kinachozungumziwa mbele yako. Mwingereza James Partridge aliungua vibaya usoni kwenye ajali ya gari mwaka 1970, akiwa na miaka 18, na mwaka 1992 akaanzisha shirika la kuwasaidia watu wenye sura zilizobadilika. Moja ya mambo yanayofundishwa huko ni kuwa na maneno mafupi tayari mdomoni: unaeleza kidogo, unamtoa mtu wasiwasi, unahamisha mazungumzo. Kwa Kiswahili cha dukani ni hivi: "Niliungua na jiko nikiwa mdogo, nimeshapona. Ulikuwa unatafuta kipuri cha pikipiki gani?" Inachukua sekunde tano, na mwishoni mteja ndiye anayejibu.

Itakuwa ngumu kuitamka mara ya kwanza. Unakumbuka Zuko alipotaka kuomba kujiunga na kundi la Aang, yaani huyo Avatar, alivyofanya mazoezi ya hotuba yake mbele ya chura? Na alipofika kwa wenyewe hotuba ikaharibika vile vile, wakamkatalia, na usiku akamuunguza miguu Toph, msichana mwingine wa kundi hilo, kwa bahati mbaya. Kesho yake alikuwa bado yupo. Tafuta chura wako. Inaweza kuwa kioo, anaweza kuwa rafiki aliyekupa flashi. Sema sentensi hiyo mpaka ikuchoshe.

Kuhusu kuiangalia mara ya tatu, sina neno, ila chunga saa. Ukiona unaifungua saa sita usiku kila siku ili usifikirie kesho, basi imegeuka hudi nyingine. Na ukiona huli, hulali, au yanakujia mawazo kwamba ingekuwa heri usingekuwepo, usingoje barua yangu: nenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya Temeke, iko karibu nawe, au Muhimbili. Makovu ya shingoni yakikubana ukigeuza kichwa, daktari wa upasuaji naye ana kazi ya kufanya. Zuko hakufutiwa kovu, lakini hilo halikukatazi wewe kutibiwa.

Limebaki la mpwa wako. Kwa miaka 6 ningemwanzishia Ubongo Kids, inayotengenezwa hapa hapa Dar na imekuwa hewani tangu 2014, yenye nyimbo na hesabu za umri wake. Avatar mwonyeshe msimu wa kwanza, mkikaa pamoja, lakini ile sehemu inayoonyesha Zuko akiunguzwa na baba yake iruke mpaka akue kidogo. Maswali hayatakosekana. Mtoto wa miaka 6 atamwona Zuko, atakugeukia wewe, na atauliza kwa sauti kubwa, dada yako akiwa anasikia jikoni, mbona huyu kaka uso wake kama wa anko. Usimnyamazishe. Mpe sentensi ile ile unayoifanyia mazoezi kwa wateja, ila kwake ongeza mwisho: "Njoo uguse, haiumi."